Masafa ya kufikirika katika fononi za rutili: ni dosari ya hesabu, au fuwele inasema kweli?

Mwanzisha uzi (Tudor, Mombasa)

Ndugu zangu wa fizikia na kemia, salamu kutoka Mombasa. Nimefungua uzi huu baada ya wiki kadhaa za kushindana na jambo ambalo naamini limemsumbua kila aliyewahi kukokotoa mitetemo ya atomu ndani ya fuwele kwa kompyuta, na ambalo sijaona likijadiliwa kwa kina kwa lugha yetu. Jambo lenyewe ni yale masafa yanayotoka na alama ya kutoa mwishoni mwa hesabu ya fononi, yaani ya mitetemo hiyo, ambayo wengine wetu huyaficha na wengine huyaogopa, bila pande zote mbili kujua hasa yanatoka wapi.

Kazi yangu inahusu rutili, yaani oksidi ya titani, TiO2. Wakazi wa huku wanaijua bila kuijua, kwa kuwa ni mojawapo ya madini matatu yaliyokuwa yakichimbwa kwenye mchanga wa Kwale, pamoja na ilmeniti na zirkoni, na kupakiwa melini Likoni hadi uchimbaji ulipokoma mwisho wa mwaka 2024. Seli ya msingi ya rutili ina atomu 6, mbili za titani na nne za oksijeni, kwa hiyo kila vekta ya wimbi (yaani mwelekeo na urefu wa wimbi la mtetemo) ina matawi 18 ya mtetemo: 3 ya sauti, ambamo atomu jirani husogea pamoja, na 15 ya nuru, ambamo husogea kwa kupingana. Nilijenga seli kubwa ya 2×2×3 yenye atomu 72, nikasogeza atomu mojamoja kwa angstromu 0.01 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kama ilivyo desturi ya programu ya phonopy, kisha nikakokotoa kani zilizozaliwa na misogeo hiyo kwa nadharia ya fankishonali ya msongamano, inayopata nishati kutokana na msongamano wa elektroni, nikitumia fankishonali ya PBE, mojawapo ya makadirio yake.

Mchoro wa matawi ulipotoka, niliona mawili yamezama chini ya sifuri. Moja ni tawi la sauti, linalozama pembeni kidogo mwa nukta Gama (vekta ya wimbi ya sifuri, ambapo seli zote hutetemeka kwa pamoja) na kufika karibu hasi 0.7 terahezi (terahezi ni mitetemo trilioni moja kwa sekunde) kabla ya kupanda tena. La pili ni tawi la nuru, lililozama pale pale kwenye Gama, ambamo titani zote zinakwenda upande mmoja wa mhimili c na oksijeni zote zinakwenda upande wa pili. Mwenzangu mmoja alinishauri nianzishe mhimili wa mchoro kwenye sifuri ili sehemu ya chini isionekane, akasema kila mtu hufanya hivyo. Sikuridhika, na ndiyo maana nimekuja kwenu.

Kwa wanaosoma bila kuwa wa fani hii, naomba nieleze hiyo alama ya kutoa inamaanisha nini. Kompyuta haikokotoi masafa moja kwa moja. Inaunda matriksi kutokana na namna kani ya atomu moja inavyobadilika nyingine inaposogezwa, ikiyagawa yote kwa uzani wa atomu, na thamani za pekee za matriksi hiyo ni miraba ya masafa. Mraba ukiwa chanya, kipeuo chake cha pili ni masafa halisi, na atomu hutetemeka ikirudi mahali pake. Mraba ukiwa hasi, kipeuo chake ni namba ya kufikirika, na programu nyingi huichapa kama namba hasi kwa urahisi tu wa kuandika. Hakuna mtetemo wenye terahezi hasi. Maana yake ya kimaumbile ni kama tofauti ya ngalawa na mtumbwi uliopakiwa vibaya: ngalawa yenye matengo ukiiinamisha hurudi na kuyumba huku na huku, ilhali mtumbwi uliorundikiwa shehena juu ukiinamishwa kidogo huzidi kuinama wenyewe. Masafa ya kufikirika yanasema kwamba kimia cha atomu, kikisukumwa upande huo, hakirudi.

Lakini rutili ipo. Ipo mchangani Kwale, imetulia kwa mamilioni ya miaka. Basi swali langu kwenu ni hili: yale matawi mawili yaliyozama yana sababu moja au mbili, na mtu anajuaje?

Mchangiaji wa kwanza (Kilifi)

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Mimi nilifundishwa kwamba masafa ya kufikirika yakiwa madogo, tuseme chini ya terahezi moja, yanapuuzwa, na yakizidi hapo ndipo mtu aanze kuhofia. Je, kanuni hiyo si sahihi? Kama ni sahihi, tawi lako la sauti halina tatizo na ubaki kushughulika na lile la nuru peke yake.

Mchangiaji wa pili (Nyali)

Nimefundisha somo hili kwa muda, na kanuni aliyoitaja ndugu wa Kilifi nimeikuta kwa wanafunzi wengi. Naomba tuiangalie kwa namba, kwa sababu humo ndimo ilimo siri ya jambo zima.

Chukulia kani zako zina kosa la elektronivolti 0.001 kwa kila angstromu, kiwango ambacho watu wengi wangekiona kizuri kabisa kwa kazi ya kawaida. Ukiigawa kwa msogeo wa angstromu 0.01, kosa kwenye ugumu wa kamba inayounganisha atomu linakuwa elektronivolti 0.1 kwa kila mraba wa angstromu. Sasa ligeuze kosa hilo kuwa masafa. Ugumu wa elektronivolti moja kwa mraba wa angstromu, kwa chembe yenye uzani wa atomu wa 1, ni sawa na terahezi 15.633. Kwa silikoni, yenye uzani wa 28, kosa la 0.1 linatoa karibu terahezi 0.93. Kwa titani, yenye uzani wa karibu 48, linatoa terahezi 0.71. Kwa oksijeni linatoa 1.24. Hizo si takwimu za jaribio lolote, ni hesabu ya kipeuo cha pili ambayo kila mmoja wenu anaweza kuirudia kwa kikokotoo cha mkononi.

Tazameni basi kinachotokea. Mtetemo wa juu kabisa wa silikoni kwenye Gama uko karibu terahezi 15.6. Kosa lilelile likiangukia mtetemo huo, linauhamisha kwa chini ya terahezi 0.03, tofauti ambayo hakuna jicho litakaloiona kwenye mchoro. Likiangukia tawi la sauti karibu na Gama, mahali ambapo jibu la kweli ni sifuri au karibu na sifuri, linazaa karibu terahezi nzima, na likiwa la upande wa hasi linazaa terahezi nzima ya kufikirika. Kosa ni moja na chanzo ni kimoja. Kipeuo cha pili ndicho kinacholipunguza juu na kulikuza chini. Kwa hiyo mwenye mchoro usiotokeza namba hasi asijione salama, kwani huenda ana kosa lilelile, ila limeangukia upande wa chanya.

Kipeuo hicho kina ukatili mwingine. Ukifanikiwa kupunguza kosa la kani mara 100, hadi 0.00001, masafa ya uongo hupungua mara 10 tu, kutoka 0.93 hadi 0.093. Ndiyo maana watu hukaza hesabu yao, wakaona namba hasi imepungua kidogo tu, wakakata tamaa na kudhani kwamba fuwele yao kweli si thabiti.

Basi kuhusu kanuni ya terahezi moja: ukubwa wa namba hasi peke yake hautoshi kuhukumu. Namba ndogo yaweza kuwa ya kweli na namba kubwa yaweza kuwa ya uongo. Kinachohukumu ni mambo mengine mawili: namba hiyo imetokea mahali gani kwenye eneo la Brillouin (nafasi ya vekta zote za wimbi za fuwele), na inafanya nini unapokaza hesabu.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, nimerudia hesabu yako kwa mkono na nimeshtuka kuona 0.71 ya titani ilivyo karibu na hasi 0.7 niliyoipata. Huenda ni sadfa, lakini imenifanya nirudi kwenye faili zangu. Nimegundua kwamba nilisimamisha mzunguko wa elektroni (hesabu inayorudiwarudiwa hadi msongamano wao utulie) nishati ilipoacha kubadilika kwenye tarakimu ya tano, nikadhani hiyo inatosha kwa kuwa nishati ilikuwa imetulia kabisa.

Mchangiaji wa pili (Nyali)

Hapo ndipo wengi huanguka, na si kwa uzembe. Msongamano wa elektroni ukiwa na kosa dogo, kosa la nishati linakwenda kwa mraba wa kosa hilo, ilhali kosa la kani linakwenda sambamba nalo. Kwa hiyo nishati huonekana imetulia mapema, na kani bado zinayumba. Kwa kazi ya fononi, kaza kipimo cha nishati hadi kumi kwa kipeo cha hasi 8 za elektronivolti, na usitazame nishati tu bali tazama kani zenyewe zinavyobadilika kutoka hatua moja hadi nyingine.

Jingine, je, uliutuliza muundo wenyewe hadi wapi kabla ya kuanza kusogeza atomu? Nadharia yote ya Max Born na Theodore von Kármán ya mwaka 1912, ambayo tunaitumia hadi leo, inaanza na sharti kwamba kila atomu iko mahali ambapo kani juu yake ni sifuri. Ukianza mahali ambapo kani zimebaki, unapima mpindo wa mteremko badala ya mpindo wa chini ya bakuli.

Mchangiaji wa tatu (Changamwe)

Nami niongeze chanzo ambacho kilinipotezea mwezi mzima. Programu zetu huhesabu sehemu ya nishati kwenye gridi ya nukta zilizopangwa angani. Kimaumbile, ukiihamisha fuwele nzima kwa umbali wowote bila kubadilisha nafasi za atomu baina yao, hakuna kinachopaswa kubadilika, na ndiyo sababu matawi matatu ya sauti ni lazima yawe sifuri kamili kwenye Gama. Lakini gridi haihami pamoja na fuwele. Atomu ikiangukia juu ya nukta ya gridi hupata nishati moja, ikiangukia katikati ya nukta mbili hupata nyingine kidogo, mithili ya baharia anayepima kina kwa kamba yenye mafundo, ambaye kipimo chake hurukaruka ilhali maji yako palepale. Jumla ya kani zinazopaswa kufutana haifutani tena, na yale matawi matatu yanaondoka kwenye sifuri, mengine juu na mengine chini.

Programu nyingi zina amri ya kulazimisha jumla hiyo iwe sifuri baada ya hesabu kwisha. Quantum ESPRESSO inayo, na phonopy pia inayo. Niliitumia nikafurahi kuona Gama imekaa sawa. Baadaye nikatambua kwamba amri hiyo hurekebisha Gama hasa, na pembeni mwa Gama kosa linaweza kubaki lilivyo. Inafaa kutumiwa, lakini kwanza mtu aiangalie namba kabla ya kurekebishwa, kwa sababu umbali wa matawi hayo kutoka sifuri ni kipimo cha bure cha ubora wa hesabu nzima. Aliyerekebisha bila kutazama amejinyima kipimo hicho.

Kwa upande wangu tiba ilikuwa kuongeza kikomo cha nishati cha mawimbi yanayotumiwa kueleza elektroni na kuifanya gridi iwe nzito zaidi, pamoja na kuacha ule mkato wa kufanya makadirio ya atomu kwenye nafasi halisi, ambao huharakisha hesabu za seli kubwa lakini hutia kelele kwenye kani.

Mchangiaji wa nne (Kisauni)

Ndugu wote, naona tawi la sauti limepata wataalamu. Naomba niulize kuhusu *mahali*, kama alivyodokeza mwalimu. Kaka alisema tawi lake linazama pembeni mwa Gama kisha linapanda tena kabla ya kufika ukingoni. Seli yake ni ya 2×2×3. Si kweli kwamba seli hiyo inajua kwa uhakika nukta chache tu?

Mchangiaji wa pili (Nyali)

Ni kweli kabisa, na ni hoja ambayo ningependa kila mwanafunzi aikariri. Seli kubwa ya 2×2×3 hutoa jibu lililokokotolewa kweli kwenye zile vekta za wimbi zinazotoshea ndani yake tu: sifuri au nusu kwa mihimili ile miwili, na sifuri au theluthi kwa mhimili c. Kila kilichochorwa baina ya nukta hizo ni mstari uliovutwa na kompyuta kwa kudhania kwamba kani zinakufa kabla ya kufika ukingo wa seli. Dhana hiyo ikiwa si sahihi, mstari hupinda na kupita chini ya sifuri pahali ambapo hakuna hesabu iliyofanyika.

Kwa hiyo ukiona namba hasi *baina* ya nukta zinazotoshea, na kwenye nukta zenyewe kila kitu ni chanya, shuku uvutaji wa mstari kwanza, na ujenge seli kubwa zaidi kabla ya kusema lolote juu ya fuwele. Ukiiona *juu* ya nukta inayotoshea, ukubwa wa seli hauwezi kusingiziwa tena. Kwenye rutili kuna jambo la ziada, kwamba titani ina chaji ya mtikisiko (ile inayoonekana atomu inaposogea) inayozidi 6 wakati valensi yake ni 4, kwa hiyo atomu zinavutana kwa kani za umeme zinazofika mbali sana. Usipoweka sahihisho la kani hizo za mbali, matawi ya nuru karibu na Gama yatakuwa na umbo lisilo sahihi hata hesabu ya kani ikiwa safi.

Mchangiaji wa tano (Likoni)

Assalamu alaykum. Mimi nimefanya kazi na kundi lililochunguza oksidi za titani, na ningependa kuzungumzia lile tawi la pili, kwa sababu nadhani humo mna jambo ambalo uzi huu bado haujaligusa.

Mpaka sasa tumezungumza kama kwamba kuna mambo mawili tu, yaani hesabu chafu au fuwele isiyo thabiti. Rutili inatufundisha kwamba kuna jambo la tatu. Mtetemo ambao kaka ameueleza, wa titani kwenda upande mmoja na oksijeni upande wa pili kwa mhimili c, unajulikana kwa alama ya A2u. Umepimwa kwa nuru ya infraredi na kwa mtawanyiko wa nyutroni, na kwenye halijoto ya kawaida uko karibu 170 kwa kila sentimita, sawa na kama terahezi 5. Ukipoza fuwele masafa hayo yanashuka, yaani mtetemo unalegea, lakini haufiki sifuri hata karibu na sifuri mutlaki. Rutili inakaribia kugeuka kuwa feroelektriki, yaani fuwele yenye ncha za umeme chanya na hasi bila kuwekewa uga, na haigeuki. Ndiyo sababu hata uwezo wake wa kupokea uga wa umeme ni mkubwa ajabu, karibu 170 kwa mhimili c, na huongezeka kadiri inavyopozwa.

Sasa, fankishonali ya zamani ya LDA, kadirio jingine, inapotumika kwa uangalifu, mtetemo wa A2u hutoka chanya. Fankishonali ya PBE inapotumika kwa uangalifu uleule, kwenye ujazo ambao PBE yenyewe inaupendelea, hutoka wa kufikirika. Jambo hili limeandikwa kwenye majarida tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na si kosa la aliyekokotoa. PBE huelekea kuikuza seli kuliko ilivyo, na mtetemo huu ni mwepesi mno kuathiriwa na ujazo: ipe titani nafasi kidogo zaidi ndani ya kizimba chake cha oksijeni sita, nayo itataka kuondoka katikati.

Kwa hiyo, kaka, ukikaza hesabu yako hadi mwisho wa uwezo wa mashine, natarajia tawi la sauti litapanda na kukaa sifuri, na tawi la A2u litabaki chini, tena litakaa palepale kwa utulivu. Hiyo itakuwa alama kwamba hesabu yako ni safi na jibu lake ndilo jibu la kweli la PBE. Lakini jibu la kweli la PBE si jibu la kweli la rutili. Mtu anayetafuta kelele ya kufuta hatapata, na mtu anayetangaza kwamba rutili si thabiti atakuwa amesema uongo juu ya jiwe lililoko mchangani hapa Kwale.

Mchangiaji wa kwanza (Kilifi)

Wa alaykum salaam, sheikh. Sasa nimechanganyikiwa kwa upande mwingine. Kama kila namba hasi yaweza kusingiziwa kelele au fankishonali, ni lini tutaiamini?

Mchangiaji wa tano (Likoni)

Tutaiamini ikipita mtihani, na mtihani upo, tena hauhitaji seli kubwa wala fononi. Chukua umbo la mtetemo huo, yaani mwelekeo na kiasi ambacho kila atomu inasogea, kisha usogeze fuwele kwa umbo hilo hatua kwa hatua, kidogo, zaidi, zaidi tena, ukikokotoa nishati kila hatua. Nishati ikipanda pande zote mbili, namba hasi ilikuwa kelele. Ikishuka kwanza kisha ikapanda, ukapata mabonde mawili na kilima katikati, basi kwa fankishonali hiyo fuwele kweli haitaki kukaa ilipo. Tuliza muundo ukianzia bondeni, uone inakwenda wapi.

Kisha tazama kina cha bonde. Joto la chumba ni sawa na takriban milielektronivolti 26. Bonde lenye kina cha milielektronivolti moja kwa seli si jambo ambalo fuwele italihisi mchana wa Mombasa, na hata kwenye baridi kali mtetemo wa kikwanta unaobaki kwenye sifuri mutlaki unaweza kuivusha kilima. Hilo si nadharia tupu: titaneti ya strontiamu inabaki bila kugeuka feroelektriki kwa sababu hiyohiyo, ingawa kila dalili inaielekeza huko.

Mifano ya kuaminika ni mingi, na inapendeza. Titaneti ya bariamu yenye umbo la mchemraba hutoa masafa ya kufikirika kwenye Gama, na ni haki yake, kwa sababu chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi mchemraba huo hugeuka kweli na kuwa feroelektriki. Titaneti ya strontiamu nayo hulegea kwenye nukta R (kona ya eneo la Brillouin), ambako vizimba vya oksijeni huzunguka vikipishana, na kweli hugeuka inapofika kelvini 105. Zirkonia ya mchemraba hulegea kwenye nukta X (ukingoni mwa eneo hilo), na hiyo ilionyeshwa mwaka 1997 na Parlinski, Li na Kawazoe kwa njia hiihii ya kusogeza atomu ambayo sote tunaitumia leo. William Cochran alikuwa ameshaeleza mwaka 1960 kwamba mageuzi ya aina hii ni mtetemo mmoja unaolegea hadi kufa. Kwa fuwele hizi, anayefuta namba hasi anafuta ugunduzi.

Mchangiaji wa tatu (Changamwe)

Naongeza hapo kwamba titani yenyewe ya metali, na zirkoniamu pia, zina umbo la mchemraba wenye atomu katikati linalokuwapo tu juu ya nyuzi 882 kwa titani na 863 kwa zirkoniamu. Ukilikokotoa umbo hilo kwa njia ya kawaida, ambayo ni ya sifuri mutlaki, utapata masafa makubwa ya kufikirika, na yatabaki hata ukaze vipi. Hesabu iko sawa na fankishonali iko sawa. Ulichouliza ndicho si sawa, kwa kuwa umeuliza habari za sifuri mutlaki juu ya umbo ambalo joto ndilo linalolishikilia. Huko inabidi kutumia mbinu zinazochukua wastani wa kani wakati atomu zinatetemeka kwa halijoto husika.

Mchangiaji wa sita (Mtwapa)

Nafanya kazi na tabaka moja la kaboni, grafini, na karibu kila mara napata namba hasi ndogo pembeni mwa Gama kwenye tawi la kupinda nje ya bapa. Je, ndiyo hayohayo?

Mchangiaji wa pili (Nyali)

Dada, ndiyo hayohayo, tena makali zaidi. Matawi ya sauti ya fuwele za kawaida hupanda kutoka Gama kwa mstari ulionyooka. Tawi la kupinda la tabaka moja hupanda kwa mraba wa vekta ya wimbi, kwa hiyo thamani inayokokotolewa kabla ya kipeuo hupanda kwa kipeo cha nne, na karibu na Gama inakuwa ndogo kiasi kwamba kosa dogo kuliko yote linaishinda. Kanuni ya kuhamisha fuwele nzima haitoshi hapo, unahitaji pia kanuni ya kuizungusha, ambayo programu nyingi haziilazimishi zenyewe. Grafini imeshikwa kwa mikono na kupimwa tangu mwaka 2004, basi usiwe na shaka na uthabiti wake kwa sababu ya nukta mbili za mchoro.

Mchangiaji wa nne (Kisauni)

Swali la gharama. Kukaza kila kitu kwa pamoja, kikomo cha nishati, gridi, kani na ukubwa wa seli, kwa atomu 72, ni kazi ambayo kompyuta zetu hazitaimaliza mwaka huu, na umeme ukikatika tunaanza upya. Wenye nafasi kwenye kompyuta kuu ya Cape Town, ile Lengau ambayo jina lake ni *duma* kwa Kitswana, wana foleni yao. Tuanzie wapi?

Mchangiaji wa pili (Nyali)

Anzeni na seli ya msingi. Gama inatoshea ndani ya seli ya atomu 6, haihitaji 72. Majaribio yote ya kikomo cha nishati, gridi, ukazaji wa elektroni na utulizaji wa muundo yafanyeni hapo, ambapo hesabu moja ni ya muda mfupi. Matawi matatu ya sauti yakikaribia sifuri bila kulazimishwa, ndipo mhamie seli kubwa kwa vipimo vilevile. Mabonde mawili aliyoyaeleza sheikh wa Likoni kwa ajili ya A2u pia yanapimwa kwenye atomu 6. Nimeona watu wakichoma majuma ya kompyuta kuu kutafuta kosa ambalo lingeonekana kwenye kompyuta ya mezani kati ya adhuhuri na alasiri.

Na jambo la mwisho kutoka kwangu, kwa wale wanaotumia fononi kutafuta nishati huru na uwezo wa kuhifadhi joto. Fomula ya nishati huru haina nafasi ya masafa ya kufikirika. Programu huyaruka kimyakimya, kisha inakupa mchoro laini usio na kasoro ya kuonekana. Mitetemo iliyorukwa mara nyingi ndiyo ile ya chini ambayo ingechangia entropia zaidi kuliko mingine. Mchoro uliokatwa kwenye sifuri unadanganya macho ya msomaji, lakini jedwali la nishati huru lililotokana nao linadanganya kazi za watu watakaolitumia.

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku kumi na moja, na ninawashukuru kila mmoja.

Nilifanya kama mwalimu alivyosema, nikaanzia atomu 6. Kabla ya kukaza, matawi matatu ya sauti yalikuwa yametawanyika pande zote mbili za sifuri, na sikuwa nimewahi kuyatazama kwa sababu amri ya kurekebisha ilikuwa imewashwa tangu mwanzo kwenye faili niliyorithi. Nilipokaza mzunguko wa elektroni na kuongeza gridi, yalisogea karibu na sifuri yenyewe. Nikatuliza muundo upya, nikaweka sahihisho la kani za mbali, nikarudia seli ya atomu 72 usiku kwa usiku. Tawi la sauti limepanda. Sasa linatoka Gama kwa mstari ulionyooka kama inavyotakiwa, na hakuna mahali linapozama chini ya sifuri tena.

Tawi la A2u halikusogea. Limebaki chini palepale, kama sheikh alivyotabiri, na nilipofuata umbo lake hatua kwa hatua nilipata mabonde mawili, mafupi lakini ya wazi. Nikabadilisha fankishonali kuwa LDA, nikatuliza muundo kwa ujazo wa LDA, nikakokotoa upya, na tawi lilelile likawa chanya.

Nimeamua kuweka michoro yote miwili kwenye tasnifu yangu, ya PBE na ya LDA, kila mmoja ukionyesha sehemu ya chini ya sifuri bila kukatwa, pamoja na jedwali la thamani za matawi ya sauti kwenye Gama kabla hayajarekebishwa. Hesabu ya nishati huru nitaifanya kwa LDA pekee. Faili za kuanzia, zile za atomu 6, nitaziambatisha hapa Jumamosi nikishazisafisha, ili anayetaka kuzirudia azirudie.

Mchangiaji wa sita (Mtwapa)

Tafadhali kaka, uambatishe na zile za kabla ya kukaza. Nataka kuyaona yale matawi matatu yakiwa yametawanyika.

Mwanzisha uzi

Nitaziweka zote mbili, dada.